Farasi Asiyejua Maneno

Jumapili, 6 Januari

Lucero amekufa. Ijumaa asubuhi tumbo lilimvimba, mchana akalala, hakuinuka tena. Baba alimzungusha uani mpaka wote wawili wakalowa jasho. Don Evenor, mwenye nyumba ya mazishi—farasi ni wake, gari la maiti ni lake, Baba ni mwendeshaji tu—alisimama mlangoni na kitambaa puani. Akasema ni hasara. Akaondoka.

Almidón alikuwa anatazama yote. Hao wawili wamevuta gari la maiti pamoja tangu mimi sijaanza shule. Wote weupe, kimo kimoja, hatua moja. Almidón ni ule wanga wa kupigia nguo pasi. Jina nilimpa mimi, nilikuwa mdogo, Bibi alikuwa anapiga pasi. Leo hajala kitu. Nimekaa naye zizini. Nilitaka kumwambia pole, kisha nikakumbuka—yeye hajui maneno.

Kweli hajui. Hakuna aliyewahi kumsemesha kazini. Baba anasema mbele ya marehemu mwendeshaji hafungui mdomo wala hashiki mjeledi. Watu wamekuja kulia, hawakuja kusikia mtu anamfokea mnyama. Kwa hiyo yeye hugonga kwa kisigino ule ubao wa kuwekea miguu. Ko, ko—twende. Ko moja—simama. Babu alifanya hivyo hivyo. Viatu vya Baba vina visigino vigumu vya chuma, na ni mimi tu ninayeruhusiwa kuvipaka rangi.

Nimemaliza shule mwezi uliopita. Sijui nifanye nini na mikono yangu.

Jumatano, 9 Januari

Mama amepiga simu kutoka Costa Rica. Bado analea watoto wa watu. Aliuliza kama nimepata kazi, nikasema nimepata, nikamsikia akifurahi. Kwa hiyo sasa lazima niende. Jumatatu naanza kwenye kibanda cha Doña Nubia pale uwanja mkubwa, kuuza vigorón. Kumenya muhogo, kukata kabichi, kupanga majani ya mgomba. Hayo naweza. Kuita wateja sitaweza.

Jumatatu, 14 Januari

Siku ya kwanza kibandani. Doña Nubia ni mnene, mpole, anaongea mfululizo, kwa hiyo mimi sihitaji kuongea. Chini ya kibanda analala mbwa wa jicho moja ambaye si wa mtu. Ndege weusi wa uwanjani wanashuka na kuiba muhogo mbele ya macho yako, ukiwafukuza wanakutazama kama wewe ndiye mwizi.

Niliporudi nyumbani nikakuta uani farasi wawili weusi. Wapya. Don Evenor kawaleta kutoka Chontales. Anasema siku hizi watu wanapenda weusi, weusi wana heshima zaidi. Bibi ameshaagizwa afume shela mpya za farasi, za uzi mweusi. Zile nyeupe, ambazo kila mwaka nilizifua na kuzianika naye, kazikunja kazitia sandukuni.

Zizi la Almidón lilikuwa tupu.

Kauzwa. Kwa Quilino, mmoja wa wale wenye magari ya kuzungusha watalii. Baba alikuwa anawasugua wale weusi. Nikamuuliza kama alimuaga. Akasema farasi haagwi. Lakini sauti yake haikuwa ya kawaida.

Jumamosi, 19 Januari

Namwona kila siku! Magari ya watalii yanapanga mstari upande wa pili wa bustani ya uwanjani, mbele ya hoteli, na kibanda chetu kinatazama huko huko. Quilino kamvisha manyoya mekundu kichwani na vishada vya manjano masikioni. Kambatiza jina jipya, Radi. Wenzake wanacheka. Mmoja alisema, "Radi gani huyu? Huyu ni manyunyu."

Anatembea mwendo wa maziko. Watalii wanafika kanisa la San Francisco jua limeshazama.

Quilino anampigia kelele. Haya! Songa! Anatoa milio ya ulimi, anapiga mluzi. Almidón anageuza sikio moja, kama mtu aliyesikia lugha ya wageni. Kisha mjeledi. Ndipo anaondoka, lakini kwa kushtuka, si kwa kuelewa.

Wenye magari wananijua mimi ni mtoto wa nani. Kila nikipita na ndoo ya maji wanavua kofia wote kwa pamoja: "Poleni na msiba." Nimeanza kuzunguka nyuma ya kanisa kuu ili nisipite hapo.

Jumanne, 22 Januari

Leo kengele ya maiti ilipigwa. Maziko yalikuwa ya kanisa la La Merced, lakini upepo wa ziwani ulileta sauti mpaka uwanjani. Almidón alikuwa katikati ya njia na wazungu watatu garini. Akasimama. Akainamisha kichwa.

Magari nyuma yakapiga honi. Quilino akashuka, akamvuta, akamsukuma, akamtukana mama yake. Farasi kimya. Wale watalii wakadhani ni mchezo aliofundishwa, wakampiga picha. Quilino ni mjanja, akatabasamu, akawaambia farasi wake ni mcha Mungu. Lakini nilimwona shingo, mishipa imemtoka.

Kengele iliponyamaza Almidón hakuondoka. Alikuwa anangoja visigino. Nilijua, kwa uwanja mzima mimi peke yangu nilijua, na nilikuwa nimesimama na kisu cha kabichi mkononi.

Doña Nubia akaniuliza mbona nimepauka.

Jumapili, 27 Januari

Nimemwomba Baba aende kumweleza Quilino. Alikuwa anakula wali na maharage, akaweka kijiko chini. Akasema akienda pale Almidón atamfuata yeye. "Halafu nitamrudishaje?" Bibi naye akasema tuache kuongelea farasi mezani.

Nimegundua kwamba Baba siku hizi anapitisha maziko barabara ya nyuma. Njia ndefu zaidi. Anaepuka uwanja.

Lakini nimesikia jambo! Don Evenor alikuja jana kukagua shela nyeusi, nami nikawa nyuma ya pazia. Alimwambia Bibi kwamba Quilino analalamika kila wakutanapo. Bibi akauliza je, akimshinda kabisa? Don Evenor akasema, "Akimshinda, tutaangalia."

Tutaangalia. Nimelifikiria neno hilo usiku na mchana. Maana yake atamchukua tena. Zizi lipo, majani yapo. Kwa hiyo nikimfundisha Quilino mambo ya kisigino, Almidón atakuwa wake daima. Nikinyamaza, atarudi nyumbani.

Kunyamaza ndiyo kazi pekee ninayoijua vizuri.

Jumatano, 30 Januari

Kasimama tena. Mara mbili. Nimenyamaza.

Jumatatu, 4 Februari

Shule zimefunguliwa. Asubuhi barabara nzima mashati meupe na sketi za buluu, nami na aproni. Wasichana wa darasa la chini yangu walinunua vigorón wakanisalimia kwa adabu kama mtu mzima. Sikupenda.

Almidón ana kidonda ubavuni. Quilino kakifunika na blanketi la mistari ili watalii wasione, lakini ndege weusi wanajua, wanatua hapo hapo. Anawavumilia. Nilimwaga maji ya kabichi mbali na kibanda ili wahamie huko. Walihama kidogo, wakarudi.

Doña Nubia aliona ninavyotazama. Akasema nisijitese, haitachukua muda, Quilino anaongea na mtu wa lori. Nikauliza lori gani. Akanitazama kama mtoto. Lori la nyama. Linapita kila baada ya muda kuokota farasi waliochoka, linakwenda nao wanakogeuzwa soseji. Alisema hivyo huku akimimina siki kwenye kabichi.

Nikavua aproni. Sikuomba ruhusa, mimi! Nikaenda hadi ofisini kwa Don Evenor, katikati ya majeneza, nikamwomba amchukue tena. Sauti ilitoka ndogo, akaniambia rudia. Nikarudia. Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, farasi mmoja mweupe ni kama kiatu kimoja. Nitampeleka wapi?"

Nikasema, lakini ulisema utaangalia.

Hakukumbuka.

Nimepoteza wiki nzima nikingoja kitu ambacho hakikuwepo. Na yeye alikuwa anachapwa wiki nzima.

Jumanne, 5 Februari

Nimekwenda kumwambia Quilino. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Nilipofika mstari wa magari wakavua kofia. "Binti Msiba," Quilino akasema, "leo amekufa nani?" Wote wakacheka, si kwa ubaya.

Nikawauliza kama wanataka vigorón.

Walitaka. Nikarudi kuleta sahani. Najichukia.

Alhamisi, 7 Februari

Nimemwambia!

Nilimkuta peke yake kwenye bomba, anamnywesha. Sikumtazama usoni, nilitazama ndoo. Nikasema yote—ubao, kisigino, ko ko ni twende, ko moja ni simama, mjeledi hajui, maneno hajui. Alisikiliza. Kwa kweli alisikiliza, hata sigara iliungua mpaka vidoleni. Akasema mbona hamkuniambia mapema, kumbe nimenunua farasi na kusahau kununua ufunguo wake.

Kabla sijaondoka Almidón aliweka pua kwenye aproni yangu. Kanikumbuka, au ni harufu ya muhogo.

Kesho atajaribu. Nimefurahi mpaka siwezi kula.

Ijumaa, 8 Februari

Ningekufa tu.

Quilino huvaa ndala, kama wote. Na gari lake chini ni bati, si mbao. Alipiga kwa mguu—pwata, pwata—Almidón akatikisa sikio, basi. Wenzake walikuwa wamejipanga kuangalia. Akapiga tena. Pwata. Mmoja akamwambia avae soksi labda atasikika. Quilino akacheka nao, lakini uso umemwiva. Garini alikuwa na mama mmoja wa kizungu na watoto wake. Quilino akageuza mjeledi akagonga bati kwa kile kishikio. Likalia kama sufuria lililoanguka. Almidón aliona mjeledi, akasikia kishindo, akaruka upande. Gurudumu likapanda ukingo. Yule mama akapiga yowe, mtoto mmoja akaangukia magoti ya mwenzake. Hakuumia mtu. Lakini walishuka wote, wakaenda kupanda gari lingine, mbele ya watu wote.

Quilino alikuja mpaka kibandani. Sikuwa na pa kujificha. Hakupaza sauti. "Binti," akasema, "siri yako imenivua nguo uwanjani."

Nilitaka kumwambia lazima iwe mbao. Nilitaka kumwambia nina viatu vyangu vya shule, visigino ni vigumu, ningeweza kupanda nikamwonyesha, tungeweka kipande cha ubao. Yote hayo yalinijia wakati ameshafika katikati ya bustani.

Jumatatu, 11 Februari

Nilikwenda na viatu vya shule kwenye mfuko. Vimeshinda ndani ya mfuko. Quilino hakuja uwanjani leo.

Jumatano, 13 Februari

Jumatano ya Majivu. Kanisa kuu lilijaa mpaka ngazini. Kwenye foleni ya majivu nikasikia mtu nyuma yangu anakohoa, nikageuka. Quilino, amechana nywele. Alisema polepole kwamba lori linakuja kesho asubuhi. Kamlisha mwezi mzima, hakuna mwenye gari anayemtaka, kila mtu aliona. Watoto wake nao wanakula. Akasema hataki nisikie kwa watu wengine.

Alikuwa na upole, na hilo ndilo baya zaidi. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ningejua la kufanya.

Padri akanichora msalaba, akaniambia mimi ni mavumbi. Nikasema amina.

Nyumbani nimemweleza Baba. Kesho ana maziko ya mbali, huko Diriomo, anaondoka na wale weusi kabla jua halijapanda. Nikasema mwombe Don Evenor atume mtu mwingine. Akasema hakuna mtu mwingine. Kisha akaniletea viatu vyake nivipake rangi. Nimevipaka. Nimevisugua mpaka naona uso wangu na lile jivu.

Alhamisi, 14 Februari

Baba ameshakwenda. Sikwenda kibandani. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono.

Quilino alikuwa anamwongoza Almidón kwa kamba kwenda kwenye lori huko njia ya ziwani. Njia hiyo inapita hapa kwetu. Alipofika mbele ya mlango wetu Almidón akasimama. Nilisikia kwato nikajua ni zake kabla sijachungulia. Wamevuta. Wamesukuma, Quilino na jirani wawili. Hakupiga teke, hakufanya fujo. Amesimama tu, kichwa chini, kama mbele ya kanisa. Amefika nyumbani na anangoja afunguliwe.

Mwisho wakaliita lori lije yeye aliko. Limeegeshwa barabarani, mlango wake wa nyuma uko wazi, ngazi ya mbao ya kupandishia wanyama imeshushwa hadi kwenye mawe. Mwenye lori ni mtu mzee mwenye kofia ya majani. Anakula ndizi.

Bibi alifungua sanduku. Sikumwelewa mpaka alipopita mbele yangu na shela nyeupe mikononi, ile kubwa yenye vishada. Akatoka. Akamtupia mgongoni, akaivuta ikakaa sawa, akapitisha masikio kwenye matundu yake, moja moja, akafunika kidonda. Akamwambia Quilino, "Hataondoka uchi." Yule mzee wa lori akavua kofia, akaacha kutafuna.

Na Almidón akainua shingo! Mnyama yule yule. Miguu sawa, mgongo umenyooka. Shela maana yake kazi. Amejiweka tayari.

Bibi amerudi ndani, amefunga mlango kwa komeo. Anasali rozari. Hanitazami.

Wamejaribu tena kumvuta. Nasikia wanahema. Mzee wa lori anasema hajawahi kuona farasi mkaidi hivi. Quilino anasema si mkaidi, mfundishaji wake hayupo.

Quilino yuko mlangoni sasa. Anaongea kwa sauti ya chini kupitia mbao. Anajua nimo. Anasema, "Mimi si mtu mbaya, binti, unanijua." Anasema wakishindwa huyu mzee atamfunga miguu na kumburuta kwa mnyororo, yeye hataki kuona hivyo, na mimi sitaki. Ananiomba nitoke na vile viatu vya shule nimpandishe taratibu. Atanisikia mimi. Atapanda kama anaingia kanisani.

Ni kweli atapanda. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba ni kweli.

Nimevaa kiatu kimoja. Nimekivua.

Anabisha mlango. Kwa adabu, kama anayekuja kutoa pole. Ko, ko.

Nje kwato zimesogea.

Hata Bibi ameacha kusali. Wote huko barabarani wamesikia mbao, na mimi najua kila mmoja wao anafikiri nini.

Ndala za Quilino zinaondoka mlangoni. Zinakwenda upande wa lori. Ile ngazi ni ya mbao. Nimesema niliiona. Ya mbao nene, hata ngumi itasikika.

Ko, ko.

Kwato. Moja, nyingine. Mwendo wa maziko. Kwato zimegusa mbao—

Nimegonga. Kwa kisigino cha kiatu, kutoka ndani, kwenye mlango wetu. Mara moja tu.

Amesimama.

Bibi ananitazama. Naandika nimeegemea mlango, daftari liko juu ya goti, kiatu kiko mkono wa kushoto. Quilino ananiita jina langu halisi, Idalia, sikujua kuwa analijua. Ananiambia niache, namchanganya mnyama. Kweli namchanganya. Miguu miwili iko juu ya ngazi na miwili chini, nimemwona kwenye ufa wa mbao, na shela yake haijaguswa na vumbi. Baba hatarudi mpaka jioni. Siwezi kumwambia twende, sina mahali pa kumpeleka. Nina lile ko moja tu, simama.

Ko, ko, anagonga Quilino.

Mimi moja.

Yeye mbili.